Mpiga Gitaa Aliyeingia Sebuleni

Jumapili moja jioni, miaka michache iliyopita, jumuiya yetu ilikutana katika nyumba ya mama mmoja hapa Buguruni, si mbali na sokoni. Ilikuwa zamu yake kutupokea. Mikeka ilikuwa imetandikwa, chai ya tangawizi ilikuwa tayari kwenye chupa, nasi tulikuwa tukiwasubiri wenzetu waliokwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Televisheni ilikuwa imewashwa, kama ilivyo kawaida ya nyumba zetu, bila mtu yeyote kuitazama hasa. Kilikuwa kipindi cha muziki wa zamani. Mzee mmoja wa bendi za jazi alikuwa ameketi kitini, gitaa mapajani, akipiga kidogo, akinyamaza, kisha akimweleza mtangazaji kijana jinsi kipande kile kilivyotungwa.

Wimbo wenyewe tuliujua wote. Mama mwenye nyumba, ambaye hakosi ibada hata siku ya mvua, alikuwa akiuimba kwa midomo tu, neno kwa neno, huku akipanga vikombe. Tulipomtazama alicheka, akaacha.

Mwenyekiti wetu wa jumuiya aliomba televisheni izimwe, kwa kuwa saa ya sala ilikuwa imekaribia na nyimbo za baa si maandalizi mema ya kusikia Neno. Mjukuu wa nyumba alitafuta rimoti, akazima sauti, picha ikabaki. Hakuna aliyelalamika.

Katika nyumba ile yupo binti asiyesikia, anayesoma shule ya viziwi iliyopo hapahapa Buguruni. Kwake yeye kuzimwa kwa sauti hakukubadili lolote. Aliendelea kutazama. Baada ya muda alimvuta bibi yake upindo wa kanga, akamwonyesha skrini, kisha akateremsha vidole viwili mashavuni mwake. Yule mzee alikuwa analia.

Tuliomba sauti irudishwe. Tulikuta anaeleza habari za wenzake aliopiga nao, ambao wengi wao wameshakufa. Alisema sauti zao zimebaki kwenye kanda, lakini hawamo katika daftari lolote. Mtangazaji alimuuliza kama gitaa lile ndilo alilopigia wimbo ule ujanani. Akatabasamu, akajifuta uso, akasema hapana, na hata hili ameazimwa kwa ajili ya kipindi. Kisha akapiga tena, na kipindi kikaisha.

Mmoja wetu akauliza, "Huyu ni nani?" Hakuna aliyejua. Jina lilikuwa limepita chini ya picha wakati hatukuwa tukitazama. Tulikuwa watu kumi na wanne chumbani. Wote tuliujua wimbo, na hakuna aliyemjua mtu.

Sala ya jioni ile ilichelewa kuanza. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza swali ambalo tungependa kuliweka mbele ya wasomaji wa kitabu hiki. Je, inawezekana mtu kupokea karama ya mwenzake kwa miaka mingi, akamhukumu mwenzake huyo kwa karama hiyohiyo, wala asimwone hata siku moja? Na kama inawezekana, mbele za Mungu hali hiyo inaitwaje?

Tuseme kwanza jazi ilikuwa nini kwetu, maana vijana wakilisikia neno hilo hufikiria Marekani. Huku kwetu jazi lilikuwa jina la bendi. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz iliyoanzishwa mwaka 1944, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz: zote zilijiita hivyo, ingawa muziki wao ulikaribiana zaidi na rumba ya Kuba iliyotufikia kwa santuri kuliko jazi ya New Orleans. Kulikuwa na gitaa la solo, gitaa la ridhimu, besi, tumba, saksafoni na tarumbeta. Wimbo ulianza taratibu kwa kisa: barua iliyochelewa, ugomvi wa ndoa, msiba, nasaha kwa kijana asiyesikia la mkuu. Halafu ukaingia kwenye chemko, waimbaji wakapisha, magitaa yakaanza kuzungumza. Nasaha zile, tukiwa wakweli, mara nyingi zilifanana na mahubiri.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kiliunda bendi yake, NUTA Jazz. Chama kilipobadilika, bendi nayo ikabadilishwa jina, ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma, jina la ngoma ya Wazaramo ambao ardhi hii ni yao. Mashirika na taasisi nyingine nazo ziliunda bendi zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani au dereva. Alipokea mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Alipoondoka, gitaa lilibaki. Kwa hiyo maneno ya yule mzee kwamba ameazima gitaa hayakuwa ajabu kwa watu wa rika lake. Wengi wao walipiga maisha yao yote gitaa la mwenye bendi.

Nasi kwa muda mrefu tuliwasikia bila kuwaona. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini huku Bara televisheni ilikuja mwaka 1994. Kabla ya hapo kulikuwa na Redio Tanzania, na kulikuwa na kumbi. Kumbini sisi watu wa kanisa hatukwenda, au tulisema kwamba hatuendi. Lakini ukuta hauzuii sauti. Wanaokumbuka mikesha ya zamani katika mitaa hii watakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiomba kwa sauti ya juu huku bendi ikipiga mtaa wa pili, na jinsi miguu ya wengine ilivyokuwa ikihesabu mapigo chini ya benchi pasipo ruhusa ya mwenye miguu. Televisheni ilipokuja, wale wanamuziki walikuwa wameshazeeka. Ndiyo kusema mara ya kwanza wengi wetu kumwona mpiga gitaa uso kwa uso, alikuwa mzee mwenye mvi, ameketi sebuleni kwetu kama mgeni asiye na haraka.

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, maana hofu ya wazee wetu haikuwa upuuzi. Jioni ile mama mmoja wa jumuiya, ambaye kwa kawaida hasemi sana, alituambia, "Ninyi mnasikia gitaa. Mimi nikisikia wimbo huo nasikia mlango unafunguliwa saa tisa usiku." Mumewe alikuwa mtu wa dansi. Kila mwisho wa mwezi mshahara uliishia mezani kwa pombe, na si wa mumewe peke yake katika mtaa ule. Watoto wake walirudishwa kutoka shule kwa kukosa ada. Mama huyu hakuhitaji mtu amfafanulie uzuri wa ridhimu. Yeyote atakayeandika juu ya muziki wa dansi kama vile kilio cha mama huyu hakikuwapo, ameandika nusu ya habari.

Basi, hatusemi kwamba kila kitamu ni chema. Tunachouliza ni kingine. Tulipomwonea huruma mama yule, na ilikuwa haki, je, tulipaswa kumhesabu mpiga gitaa kuwa ndiye aliyeufungua mlango ule saa tisa usiku?

Maandiko hayatupi jibu la mkato. Katika Mwanzo sura ya 4 tunasoma kwamba baba wa wote wapigao kinubi na filimbi alikuwa Yubali, na Yubali ni wa uzao wa Kaini. Tungekuwa sisi tunaoandika, pengine tungemtafutia ukoo mwingine. Lakini Biblia inasema wazi kwamba muziki ulianzia katika nyumba yenye damu mikononi. Na Biblia hiyohiyo, tunapofika Zaburi ya mwisho, inaviita vyombo hivyohivyo, kinubi na filimbi na matoazi, visimame vimsifu Bwana. Haisemi vitengenezwe vingine visivyo na ukoo wa Kaini.

Sisi wenyewe tunaishi katika jambo hilo pasipo kulitafakari. Tarumbeta zinazopigwa katika sharika nyingi za Kilutheri nchini ni urithi wa wamisionari wa Kijerumani. Lakini tarumbeta zilipigwa pia katika gwaride za majeshi ya wakoloni, na kutoka kwenye gwaride watu wa pwani walitoa ngoma ya beni, wakacheza mitaani. Chombo ni kilekile kilichokwenda vitani, kikaenda ngomani, kikaenda dansini, na leo tunakipiga tukimsindikiza mpendwa wetu makaburini, nasi tunafarijika.

Vilevile nyimbo tunazoziita za injili. Huko Marekani, Thomas Dorsey, anayeitwa baba wa muziki wa injili wa watu weusi, alikuwa mpiga piano wa muziki wa bluzi, tena mwenye jina. Alipoanza kupeleka nyimbo zake makanisani Chicago, makanisa mengi yalimkataa, wakisema analeta kilabu ndani ya nyumba ya Mungu. Mwaka 1932 mkewe alifariki akijifungua, na mtoto naye akafa. Katika msiba huo alitunga wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, ambao umetafsiriwa katika lugha nyingi na umewafariji wafiwa duniani kote. Vidole vilivyoutunga vilikuwa vilevile vya bluzi.

Hapa nyumbani tunapenda kumtaja Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, akawa sauti ya Super Matimila na ya watu wanyonge, hata kituo cha daladala kule Sinza kikaitwa kwa jina lake. Aliimba juu ya kifo, umaskini na ubaguzi. Miaka ya mwisho aliokoka, akaimba injili, na alifariki Desemba 2010. Ushuhuda wake tunausimulia kwa furaha, na inatupasa. Lakini tujihadhari. Tunampenda Remmy kwa sababu kisa chake kiliishia upande wetu. Je, yule ambaye hakuhamia upande wetu, hatuna deni kwake?

Tumchukue Mzee Muhidin Maalim Gurumo. Alizaliwa mwaka 1940 huko Kisarawe, si mwendo mrefu kutoka hapa tulipo. Alikuwa miongoni mwa walioanza na NUTA Jazz mwaka 1964. Mwaka 1978 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Mlimani Park, ile iliyoitwa Sikinde, baadaye akapita Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Mji huu uligawanyika, Msondo huku na Sikinde kule, kama Simba na Yanga, na yeye alikuwa ameimba pande zote mbili. Hakuwa wa imani yetu. Alikuwa Mwislamu, jirani kama walivyo majirani wengi ambao tunazikana nao na kuchotea maji bomba moja.

Mwaka 2013 Mzee Gurumo alitangaza kustaafu. Afya ilikuwa imedhoofika. Tulimwona kwenye televisheni, mtu ambaye sauti yake ilikuwa katika kila redio ya nchi hii kwa zaidi ya miaka hamsini, na tukasikia kwamba katika miaka yote hiyo muziki haukumpa hata chombo chake cha usafiri. Watu walishtuka. Kijana wa muziki wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, alimzawadia gari. Mwezi Aprili mwaka uliofuata Mzee Gurumo alifariki hapa Dar es Salaam.

Tutafakari nani alisimama njiani. Walipita waliocheza muziki wake kwenye harusi zao. Walipita waliouza kanda zake. Tulipita sisi, tuliomsikia bure kupitia ukutani na kumhukumu bure. Aliyesimama alikuwa kijana wa muziki ambao tunaukemea karibu kila Jumapili. Hatusemi hivyo ili kutakasa kila alichoimba kijana huyo, maana Bwana Yesu alipomtoa Msamaria kuwa mfano hakusema kwamba Wasamaria wako sahihi katika kila jambo. Alisema tu nani aliyekuwa jirani ya mtu aliyelala njiani.

Na tulicheza kweli kweli. Nani kati yetu wa umri fulani hakupeleka kanda tupu Kariakoo? Miaka ya 1980 na 1990 ulikwenda kwenye duka lenye mashine, ukaandika kwenye karatasi nyimbo unazotaka, ukarudi jioni kuchukua kanda yako imejaa. Ulimlipa mwenye mashine. Aliyetunga, aliyepiga solo na aliyepuliza saksafoni hawakupata hata nauli. Sheria ya Hakimiliki ilipotungwa mwaka 1999, wengi wao walikuwa wazee au marehemu. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hiyo humfikia Bwana wa majeshi. Tumezoea kuusoma mstari huo tukifikiria wenye mashamba na wenye viwanda. Hatukufikiria kwamba ungeweza kutoka ndani ya kanda iliyokuwa ikilia sebuleni kwetu siku ya ubarikio wa mtoto.

Isitoshe, kanda zimekwisha lakini tabia imebaki. Leo tunapeleka flashi kibandani tujaziwe nyimbo za kwaya, tena tukisisitiza ziwe za kiroho tupu. Wanakwaya wale waliuza maandazi na kuchangishana mwaka mzima ili waingie studio. Tunawaibia, kisha tunawasha sauti tupate upako.

Lakini fedha si kiini cha jambo hili, ingawa ni sehemu yake. Yapo masimulizi mawili ya Biblia yaliyotusaidia kuona kiini.

La kwanza ni la Sauli na Daudi. Sauli alipoteswa na roho mbaya, walimtafutia mtu ajuaye kupiga kinubi. Daudi alipiga, na mfalme akapata nafuu. Lakini baadaye, Daudi akiwa anapiga kama ilivyokuwa desturi yake, Sauli alimrushia mkuki ambigizie ukutani. Tulikuwa tumezoea kulisoma hilo kama habari ya wivu wa kifalme, na ndivyo lilivyo. Ila jioni ile tuliona na jambo jingine. Sauli aliupenda muziki na akamchukia mpigaji. Alitaka nafuu inayotoka kwenye vidole, asimtake mwenye vidole. Na muziki haukumponya kabisa, pengine kwa sababu hiyo. Mtu hawezi kuponywa na zawadi ya yule anayemtafuta kumchoma.

La pili liko Luka sura ya 7. Simoni Farisayo amemwalika Yesu chakulani. Mwanamke mwenye sifa mbaya mjini anaingia na kulia miguuni pa Yesu. Simoni anamtazama wakati wote. Amemtambua, anajua habari zake, ameshatoa hukumu moyoni. Ndipo Yesu anamuuliza kama anamwona mwanamke huyo. Ni swali la ajabu kumuuliza mtu aliyekodoa macho. Lakini Yesu alijua kwamba mtu anaweza kuangalia jioni nzima asione kitu. Simoni aliona kundi, wenye dhambi. Yesu aliona machozi, akaona nywele, akaona kwamba mwenye nyumba hakutoa hata maji ya kunawa miguu.

Na sisi je? Tulikuwa na picha mbele yetu, kubwa na angavu, na mzee akilia ndani yake. Aliyemwona ni binti ambaye hakuusikia wimbo hata kidogo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukasikitika kidogo na kusonga mbele. Lakini mwenyekiti wetu, yuleyule aliyeomba televisheni izimwe, aliinamisha kichwa akasema, "Jamani, na yule wetu wa besi?" Kila mmoja alielewa.

Miaka kadhaa kabla ya jioni ile, mtu mmoja aliyepiga besi katika bendi za mjini alikuja usharikani kwetu. Alisema anataka kumtumikia Mungu, na kwamba akikubaliwa angependa kuisaidia kwaya kwa kile anachokijua. Baraza la wazee liliketi. Kulikuwa na wasiwasi, na baadhi yake ulikuwa wa haki, kwa sababu mtu hatoki baa Jumamosi akasimama mbele ya watu wa Mungu Jumapili. Iliamuliwa akae mwaka mmoja akiangaliwa, asiguse chombo. Alikubali. Aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Katika miezi hiyohiyo kinanda kilikuwa mikononi mwa kijana mmoja mwema ambaye alibonyeza kitufe, na mapigo yakatoka yenyewe, mapigo yaleyale ya kumbi za harusi, nasi tukapiga makofi tukasema Roho ameshuka. Yule wa besi alisikia yote hayo kutoka benchi la mwisho. Kabla ya mwaka kuisha, aliacha kuja. Hakuna aliyekwenda kumuulizia.

Baada ya jioni ile ya televisheni tuliomba kitabu cha kumbukumbu za baraza. Uamuzi umeandikwa vizuri, tarehe ipo, sahihi zipo. Yeye ametajwa mara tatu, na mara zote tatu ameandikwa "mwanamuziki." Jina lake halimo. Tukakumbuka maneno ya yule mzee kuhusu kanda na daftari.

Tulimtafuta. Tulimpata kwa Mnyamani, anatengeneza redio na feni katika kibanda kidogo. Tulimsalimu, "Bwana Yesu asifiwe," akaitikia "Amina," akaendelea kuunganisha waya kwa risasi ya moto. Mwenyekiti alimwambia tumekuja kumwomba radhi.

"Kwa lipi, mzee?" akauliza. "Mwaka mlionipa haukuwa mbaya. Nilikuwa natoka huko, mlikuwa na haki kuniangalia." Akaiweka redio pembeni. "Ila mliniangalia miezi tisa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nakaa wapi."

Hatukuwa na la kujibu. Mwenyekiti alimuuliza jina lake kamili, akaliandika kwenye kijitabu chake palepale, mkono ukitetemeka kidogo. Yule bwana alilisoma, akasahihisha herufi moja.

Tumejifunza nini? Hatujajifunza kwamba baa ni mahali pazuri, wala kwamba mchungaji asikemee dhambi. Mama wa mlango wa saa tisa usiku bado yu pamoja nasi, na tukisahau machozi yake ili tuyaone ya mpiga gitaa, tutakuwa tumebadilisha upofu tu. Tulichojifunza ni kwamba kukemea na kuona ni kazi mbili, na tulikuwa tumeifanya moja tukidhani tumemaliza zote. Bwana alimkemea Zakayo kwa namna ya ajabu: alimwita kwa jina lake, akasema leo nitakaa nyumbani kwako. Kuuliza mtu anakaa wapi kulitangulia, toba ikafuata.

Karama, kwa imani yetu, hutoka kwa Mungu, ambaye huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Kama ndivyo, basi kila mara tulipofarijika na gitaa lile, iwe tumekiri au tumekana, Mungu alikuwa ametupa kitu kwa mkono wa mtu fulani. Kukipokea kitu na kuudharau mkono ni utovu wa shukrani, na utovu wa shukrani kwa mkono hufika kwa Yeye aliyeutuma.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo machache katika jumuiya yetu, na tunayataja si kwa kujisifu maana hayatoshi. Nyimbo za kwaya tunazinunua kwa wanakwaya wenyewe. Mpiga kinanda wetu anapewa nauli na chakula kila wiki, na jina lake linatajwa katika sala kama la mwinjilisti. Na mtu yeyote akija kuomba kutumika, awe ametoka wapi, wawili wetu humtembelea nyumbani kwake kabla baraza halijaketi kumjadili.

Yule ndugu wa besi bado hajarudi Jumapili. Hatumsukumi. Lakini Jumamosi mchana huja kwa saa mbili, anawafundisha vijana wawili besi, na huwaambia kila mara wasikilize kwanza mwimbaji anasema nini kabla hawajagusa waya. Yule binti hupenda kuja kukaa karibu na spika, kiganja chake juu ya mbao, akitazama vidole. Wiki iliyopita yule bwana alimwonyesha kwa ishara, vibaya vibaya, jina lake. Binti akamsahihisha.

Ee Bwana, utusamehe tuliowasikia watu wako bila kuwaona. Utupe macho. Amina.